Tunamlimia Nani?

Neno sanamu likitajwa katika mahubiri, wengi wetu vijana tunalisikia kama habari za watu wengine. Tunawaona watu wa kale waliopiga magoti mbele ya mti uliochongwa, au Waisraeli wakicheza jangwani kuizunguka ndama ya dhahabu, kisha tunamshukuru Mungu kwamba mambo hayo yamepita. Sisi wa Magarama, hapa mjini Gitega, hatuna mti uliochongwa nyumbani. Tuna simu, tuna televisheni, aliyejaliwa ana pikipiki, na wapo wenye viatu ambavyo bei yake inalipa kodi ya chumba kwa miezi miwili. Jumapili tuko kanisani kama kawaida. Katika insha hii nataka kuuliza kama kweli mambo ya sanamu yamepita. Jibu langu ni kwamba sanamu haitambulikani kwa umbo lake, bali kwa vile tunavyoitolea.

Nianze na historia ya hapa kwetu. Wamisionari Wakatoliki, wale tuwaitao Mapadri Weupe, walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na misheni ya Mugera mwaka 1899. Mugera si mbali na Gitega, na hadi leo kila tarehe 15 Agosti mahujaji wengi wanakwenda huko kwa sikukuu ya Bikira Maria. Wamisionari hao waliwakuta Warundi wakimjua Imana, Muumba wa vyote. Lakini watu walikuwa na desturi ya kumwendea kupitia Kiranga, katika sherehe za kubandwa, na huko walitoa chakula na pombe ya mtama. Wamisionari walimwona Kiranga kuwa mpinzani wao mkubwa, na aliyetaka ubatizo alitakiwa kuachana naye kabisa.

Nyanya yangu anaishi Muyinga. Huko pia kuna mahali panapoitwa Magarama, na yeye hupenda kunitania kwamba nimesafiri mwendo wote ule ili nifike nyumbani. Aliwahi kunisimulia kwamba mama yake, kabla ya kubatizwa, alikusanya vitu vyote vya kubandwa akavitupa mtoni. Nilimuuliza kama ilikuwa vigumu. Akanijibu, "Mjukuu wangu, ilikuwa siku moja tu. Alivitupa, akarudi nyumbani, akapika." Jibu hilo limenikaa kichwani kwa muda mrefu. Mama yake nyanya alijua sanamu zake ni zipi, zilikuwa ndani ya kikapu kimoja, na mto ulikuwa karibu. Sisi tutakusanya nini? Simu ambayo ndiyo ninayoisomea vitabu vya chuo? Pikipiki ambayo ndiyo riziki ya jirani? Sanamu ya siku hizi haitupiki mtoni, kwa sababu tunaihitaji kesho asubuhi. Hapo ndipo ugumu wetu unapoanzia.

Kilomita chache kutoka mjini Gitega kuna mlima wa Gishora, penye ngoma za kifalme zinazohusishwa na Mfalme Mwezi Gisabo. Wanafunzi wengi wamefika pale. Mwaka 2014 UNESCO iliuweka mchezo wa ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na sisi sote tunajivunia. Pale Gishora kuna ngoma mbili zilizoheshimiwa kupita nyingine, Ruciteme na Murimirwa. Anayejua Kirundi hahitaji mkalimani. Ruciteme ni yule ambaye kwa ajili yake watu hufyeka msitu. Murimirwa ni yule anayelimiwa. Sitaki kuzihukumu ngoma hizo, kwani zamani zilikuwa alama ya ufalme na ya umoja wa nchi, na leo ni urithi wetu. Ninachotaka kukiazima ni hilo jina. Wazee waliompa ngoma jina la Murimirwa walielewa jambo ambalo sisi wasomi tunalisahau, kwamba kila mtu anapochukua jembe kuna anayemlimia. Kwa hiyo, badala ya kuulizana kama tuna sanamu au hatuna, tuulizane, tunamlimia nani?

Mtu anaweza kudhani kwamba wazee wetu walikuwa salama na vitu, na kwamba ugonjwa huu umeletwa na simu. Si kweli. Burundi ni nchi iliyomtukuza ng'ombe. Mpaka leo mzee wa kilimani anaweza kukusalimu "Amashyo!" nawe ukajibu "Amashongore!" Yaani anakutakia makundi ya ng'ombe, nawe unamrudishia makundi ya ng'ombe. Ni salamu nzuri, na ng'ombe alileta mema mengi. Mbolea yake ilirutubisha shamba la maharage, na aliyepewa ng'ombe kwa ubugabire alifungamana na aliyempa, hata watoto wao wakarithi ule uhusiano. Lakini nilipomsifia nyanya mambo hayo, alinikatiza. Alisema yapo maboma ambayo ng'ombe alipougua nyumba nzima haikulala, ila mke alipougua aliambiwa avumilie. Alisema wapo ndugu waliokufa bila kusameheana kwa sababu ya ndama mmoja. "Hata ng'ombe aliabudiwa," akasema, "ila hakuna padri aliyetuambia tumtupe mtoni."

Maneno hayo ya nyanya yanakaribiana na Maandiko kuliko tunavyodhani. Katika Mathayo sura ya 6, Bwana Yesu hakuitaja mali kama kitu kichafu. Aliitaja kama bwana, mwenye uwezo wa kutumikiwa, kisha akasema mtumishi hawezi kuwa na mabwana wawili. Waswahili nao wana lao: mshika mawili, moja humponyoka. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai, aliiweka tamaa katika fungu moja na ibada ya sanamu. Na Martin Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alieleza kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea na kukiegemea ndicho mungu wako hasa. Hakuna kati yao aliyezungumzia umbo la kitu. Wote walizungumzia utumishi, tamaa na tegemeo.

Sasa tuje kwetu wanafunzi. Wengi wetu tunapanga, watu watatu au wanne katika chumba kimoja. Fedha ya mwezi ikifika kutoka nyumbani, inagawanywa. Kuna ya kodi, ya unga na maharage, ya mkaa, ya kutoa nakala za masomo. Lakini nimeona mara nyingi, chumbani kwetu na vyumba vya jirani, kwamba cha kwanza kununuliwa ni mega za intaneti. Maharage yanaweza kungoja, mega haziwezi. Umeme ukikatika, utawaona vijana wamejaa kwa kinyozi mwenye sola, kila mmoja amelipa ili simu yake ipate moto, na wengine wanangoja pale hadi usiku. Asubuhi, mkono unaifikia simu kabla mdomo haujasema "Asante Mungu kwa kuniamsha". Hata ndani ya kanisa, ukikaa kiti cha nyuma, utaona vichwa vilivyoinama wakati wa mahubiri kuliko wakati wa sala.

Tukiyaita hayo sadaka, tutakuwa tumeyapa jina lake la haki. Aliyempelekea Kiranga pombe ya mtama alitoa jasho la shamba lake. Sisi tunatoa usingizi, tunatoa chakula, tunatoa saa za kusoma. Wengine wanatoa pia ukweli, kwa sababu wanaazima koti la mwenzao na kupiga picha mbele ya gari la mtu wasiyemjua, ili walioko nyumbani waamini kwamba maisha ya mjini yamenyooka. Kisha mama anapiga simu kuomba msaada kidogo wa dawa, naye haelewi kwa nini mwanawe mwenye koti lile anasema hana kitu.

Tena tusidhani kwamba kifaa hiki kimekaa kimya kikitungojea. Mwaka 2009 Facebook iliweka kile kitufe cha kupenda, na tangu hapo mamilioni ya watu wamejifunza kuhesabu thamani yao kwa vidole gumba vya wengine. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni hiyo, alikiri hadharani kwamba waliokuwa wakiijenga walijiuliza namna ya kuchukua muda na mawazo yetu kwa wingi iwezekanavyo, na kwamba walijua wanatumia udhaifu wa akili ya binadamu. Biashara hiyo inalipwa na matangazo, na tangazo linahitaji macho. Kwa hiyo ile saa moja unayoipoteza usiku chini ya blanketi haipotei hewani. Kuna anayeivuna. Mkulima wa Gishora alijua angalau kwamba anamlimia Murimirwa, na jembe lilikuwa mkononi mwake. Sisi tumepitwa hata na huyo, maana mbele ya kioo kile hatushiki jembe tena. Sisi ndio shamba.

Niliposoma sehemu hii kwa wenzangu darasani, mmoja alinipinga vikali, na hoja yake inastahili kujibiwa. Alisema, "Ndugu yangu, mahubiri haya wapelekee matajiri wa Ulaya. Burundi ni miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mtu mwenye simu moja iliyopasuka kioo ana sanamu gani?" Wengine wakapiga makofi. Hata mimi nilinyamaza, kwa sababu ninajua njaa ni nini, na sipendi mahubiri yanayomwambia mwenye njaa kwamba anapenda mali mno.

Lakini nilirudi katika Kutoka sura ya 32, nikaona jambo ambalo sikuwa nimeambiwa. Waliotengeneza ile ndama walikuwa nani? Walikuwa watu waliotoka utumwani juzi tu, wakiishi katika mahema, bila shamba, wakila walichookota asubuhi. Dhahabu yao ilikuwa pete za masikioni mwa wake zao na watoto wao. Walivua hicho kidogo walichokuwa nacho wakakitoa. Na walikitoa kwa sababu gani? Kwa sababu Musa alikawia mlimani. Walichoka kungoja. Umaskini haukuwazuia kutengeneza sanamu, na kungoja ndiko kulikowasukuma.

Hapo nilielewa hali yetu wenyewe. Sisi vijana wa Burundi tunangoja. Tunamaliza shule, tunangoja chuo. Tunamaliza chuo, tunangoja kazi, na kuna dada na kaka zetu wenye shahada wanaongoja tangu miaka mingi, huku wakiuza vocha za simu kando ya barabara. Tangu Gitega ifanywe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, tunaona nyumba mpya zikiota, viwanja vikigeuzwa bei, magari ya serikali yakipita, na kila mtu anaamini kwamba baraka iko mlangoni, ila mlango haufunguki. Katika kungoja huko, kitu kinachong'aa kinatufariji. Picha ya gari inakuwa ahadi ya gari. Mtu anayeshinda akitazama video za watu waliofanikiwa huko Dubai au Marekani hatafuti mali yenyewe. Anatafuta wa kumwambia kwamba hajasahauliwa. Ndiyo maana sitamcheka. Lakini pia siwezi kumdanganya, kwa sababu ndama haikumfikisha mtu yeyote katika nchi ya ahadi.

Kuna hoja nyingine, nayo ni kwamba vitu hivi vina faida. Ni kweli. Kwa simu hiyo hiyo ninamtumia nyanya fedha kidogo kwa Lumicash, naye anazipokea Muyinga kabla sijamaliza kumsalimia. Kwa simu ninatafuta maana ya maneno, na nimeandika nusu ya insha hii ninapokuwa sina karatasi. Biblia ya Kiswahili na ya Kirundi zimo humo ndani. Je, kitu chenye faida namna hii kinaweza kuwa sanamu?

Maandiko yanajibu kwa kisa ambacho hakihubiriwi sana. Katika Hesabu sura ya 21, Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa amri ya Mungu mwenyewe, na walioumwa na nyoka wakimtazama walipona. Hicho ni kitu kilichotengenezwa kwa uhalali wote, na kiliokoa maisha. Miaka mingi baadaye, katika Wafalme wa Pili sura ya 18, tunakuta watu wakimfukizia uvumba nyoka huyo huyo wa shaba, na Mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Nyoka hakubadilika. Shaba ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mahali alipowekwa katika mioyo ya watu. Kwa hiyo faida ya kitu si kinga. Tena kitu kilichotuponya jana ndicho rahisi zaidi kukiabudu leo, kwa sababu tuna ushuhuda nacho.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu ndani ya kanisa. Sitalitaja jina kanisa hilo wala kwaya hiyo, maana lengo langu si kumshitaki mtu. Nilikuwa mweka hazina wa kwaya ya vijana. Tulikuwa tunaimba vizuri, na watu walitoka mitaa mingine kuja kutusikiliza. Viongozi wakapendekeza turekodi video, tuiweke YouTube. Ili video ipendeze, ilibidi tushone sare mpya, na kila mwimbaji alitakiwa kuchanga faranga elfu ishirini za kitambaa, mbali na fundi. Hoja yao ilikuwa moja, na ni nzuri: Mungu anastahili kilicho bora.

Daftari la michango lilikuwa mikononi mwangu. Majina yalikuwa kama thelathini, na mbele ya kila jina nilikuwa naandika kiasi alicholeta. Baada ya wiki sita, mbele ya majina manne hapakuwa na kitu. Nilipotazama daftari la mahudhurio, wale wanne ndio walioacha kuja mazoezini. Mmoja wao alikuwa dada mwenye sauti ya pili ambayo sisi wote tuliitegemea. Mama yake anauza parachichi sokoni. Nilikwenda kumtembelea. Hakulalamika. Alisema tu, "Nikisimama na gauni langu la zamani nitaiharibu video ya Bwana." Alisema hivyo hivyo, video ya Bwana.

Niliyapeleka majina manne kwenye mkutano wa kwaya. Nilisema kwamba tumepunguza sauti nne ili kuongeza kitambaa, na nikauliza tunamwimbia nani. Mkutano ulikuwa mkali. Kaka mmoja alisema ninaleta siasa kanisani. Mama mlezi wa kwaya, aliyekuwa amenyamaza muda wote, alisema kwamba katika ujana wake waliimba pekupeku na watu waliokoka. Mwishowe tuliamua kwamba fedha iliyokwisha kuchangwa inunue vitambaa vya kujifunga shingoni, vya rangi moja, kwa watu wote, na video ingoje. Watatu kati ya wale wanne walirudi. Yule dada hakurudi kwaya. Siku hizi anasali katika kanisa hilo hilo, anakaa nyuma karibu na mlango, na wakati wa nyimbo midomo yake haifunguki. Video bado haijarekodiwa, na wapo ambao hawajanisamehe. Sijui lini ataimba tena. Lakini ninajua kwamba sauti yake ilikuwa sadaka, na kwamba haikutolewa kwa Mungu.

Nilimsimulia kisa hicho mwenzangu mmoja Mwislamu, tunayesoma naye Kiswahili. Alinisikiliza, kisha akasema, "Sisi hiyo tunaiita riya." Alinieleza kwamba riya ni kufanya ibada ili watu waone, na kwamba katika mafundisho ya Kiislamu inahesabiwa kuwa shirki ndogo. Nilifurahi kulipata neno hilo, kwa sababu linataja kwa herufi nne kitu ambacho Bwana Yesu alikikemea katika Mathayo 6, pale alipowasema wanaosali kwenye kona za njia na wanaotoa sadaka kwa kupigiwa tarumbeta. Hii ni faida mojawapo ya lugha hii tunayoisoma. Imekaa na Waislamu na Wakristo kwa muda mrefu hata inaweza kuwasaidia wote wawili kujitambua.

Basi tufanye nini? Siamini katika kuchoma simu. Vijana wengine wamewahi kufanya hivyo kwa hamasa ya mkutano wa injili, na baada ya mwezi wamekopa fedha ya kununua nyingine. Napendelea njia ya wale wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho huo uliwaka Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika kwetu kupitia misheni kama Buhiga na Matana. Watu wale walijulikana kwa jambo moja lililowasumbua hata viongozi wao. Walipotubu, walirudisha. Aliyeiba jembe alilirudisha jembe. Aliyedai zaidi alirudisha ziada. Hawakuishia kulia machozi mbele ya madhabahu, walipita nyumba kwa nyumba na vitu mikononi.

Naamini toba ya sanamu zetu inapaswa kuwa ya namna hiyo, yaani kurudisha. Saa tulizozichukua kwa wazazi, tuzirudishe kwa kuwapigia simu kabla ya kufungua picha za watu tusiowajua. Chumbani kwetu tumekubaliana kwamba wakati wa chakula cha jioni simu zote zinawekwa ndani ya sufuria moja tupu, na anayeichukua ya kwake kabla sahani hazijaoshwa ndiye anayeosha. Mwanzoni tulikaa kimya kama wageni kwenye msiba. Sasa tunabishana, tunacheka, na mmoja wetu ambaye tulidhani ni mpole kumbe alikuwa na shida nyumbani ambayo hakuwa amepata wa kumwambia. Fedha tulizokuwa tunazitoa mahali pasipostahili, tuzirudishe pia. Kabla ya kununua mega, tununue unga. Na sifa tulizojichukulia kwa picha za uongo, tuzirudishe kwa kusema ukweli kwa mama anayeuliza tunaishije.

Sisemi kwamba kwa kufanya hivyo tutakuwa watakatifu. Nasema kwamba kitu ambacho unaweza kukiweka ndani ya sufuria, ukala, ukazungumza, ukasali, bila moyo kukimbilia huko, kitu hicho bado ni mtumishi wako. Kitu ambacho huwezi kukiacha hata kwa muda wa chakula, hata kama ni kizuri, hata kama ni kwaya, hata kama ni shahada unayoitafuta, kimeanza kukutuma.

Ndugu zangu wanafunzi, na ninyi waalimu wetu mtakaosoma, sote tuna majembe mikononi. Hakuna aliyekaa bure. Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mtu ahesabu alichotoa leo: saa, fedha, usingizi, ukweli, watu. Kisha aangalie vimeelekea wapi. Huko vilikoelekea ndiko aliko anayemlimia, na kama si Mungu, jembe bado liko mkononi mwake na kesho anaweza kuhama shamba.